Mbona zake zimekwisha, zangu bado?

Rafiki yako wa Tabata Kimanga alimeza vidonge vya rangi mbili, chunusi zikanywea. Wewe wa Segerea ukameza, wapi! Uso uko vilevile, na mahafali ndiyo hayo yamekaribia. Umerogwa? Hapana bwana.

Hebu tuanze na dawa yenyewe. "Rangi mbili" si jina la dawa. Kapsuli za rangi mbili ziko nyingi, na kila moja ina kazi yake. Za chunusi mara nyingi ni doksisaiklini au ndugu zake wa jamii ya tetrasaiklini, siyo ile ya kikohozi aliyobakiza kaka yako.

Halafu jiangalie kwenye kioo. Antibiotiki hupunguza vijidudu na uvimbe, kwa hiyo husaidia chunusi zilizovimba, zinazouma au zenye usaha. Vile vidoti vyeusi visivyouma ni mafuta na ngozi iliyokufa vilivyoziba vinyweleo. Hapo kidonge hakifui dafu.

Wengi tunachemsha kwenye subira. Ukimeza siku tano ukaacha, hujatibu kitu. Nafuu huanza kuonekana wiki ya 6 hadi ya 8, na matokeo hupimwa wiki ya 12. Lakini usijiongezee dozi: kwa kawaida haizidi miezi 3 au 4, tena pamoja na dawa ya kupaka kama benzoili peroksaidi. Ukimeza leo, kesho huna habari, vijidudu vinaizoea dawa. Siku ukiugua ugonjwa mkubwa, dawa ileile inaweza kugoma.

Unamezea nini? Maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu huinasa tetrasaiklini tumboni isiingie mwilini. Doksisaiklini haisumbuliwi sana na maziwa, ila vidonge vya damu huizuia. Achanisha kwa saa 2 au 3. Meza na glasi nzima ya maji, na usilale papo hapo, kisije kikakwama na kukuunguza koo. Jua la mchana pale kituoni Barakuda nalo litakubabua upesi kuliko zamani. Vaa kofia. Kama una mimba au unahisi unayo, usizimeze kabisa.

Na mkorogo je? Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi, ambayo yenyewe huleta chunusi. Utameza mpaka uchoke, huku unazipanda upya kila usiku!

Chunusi zikiwa kubwa na zinaacha makovu, nenda zahanati uombe rufaa kliniki ya ngozi, kama ile ya Muhimbili. Beba vidonge vyako na krimu unayopaka, wavione.