Kuoza na Kusagika: Viongezo vya Plastiki na Kazi ya Vijiumbe

Neno kuoza limezoeleka mno katika Kiswahili hivi kwamba aghalabu halizui mjadala. Embe huoza, mzoga huoza, gogo lililoanguka msituni huoza. Katika kila mfano, bakteria na kuvu hula kitu hicho, wakapata nguvu, na kinachosalia kikawa hewa ya kabonidayoksaidi, maji na mboji. Kwa hivyo, mtengenezaji anapopiga chapa kwenye mfuko wa plastiki kwamba unaoza, mnunuzi hufikiria embe. Makala haya yananuia kuchunguza iwapo mnunuzi huyo hajapotoshwa.

Mifuko mingi ya plastiki hutengenezwa kwa polithini. Hii ni minyororo mirefu yenye maelfu ya atomi za kaboni zilizozungukwa na hidrojeni. Kijiumbe hakina kinywa. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake ili vikikate chakula hadi kiweze kupenya ukuta wa seli. Mnyororo wa polithini ni mrefu mno kupenya, na kwa kuwa hauna oksijeni na hausikilizani na maji, vimeng'enya havipati pa kuushika. Wanga na selulosi navyo ni minyororo mirefu, ila vina viungo ambavyo vijiumbe vimejifunza kuvikata tangu zama za kale.

Hapo ndipo wazo la viongezo lilipochipuka. Katika miaka ya 1970, Gerald Griffin wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, alichanganya polithini na wanga. Ni kweli kwamba vijiumbe huula wanga huo, lakini huiacha plastiki ikiwa na matundu kama chekeche. Plastiki hudhoofika, hailiwi.

Njia ya pili ni ya kijanja zaidi. Chumvi za madini kama vile chuma, manganizi na kobalti hutiwa kwa kiasi kidogo ndani ya polithini. Mfuko ukipata jua, joto na hewa, chumvi hizo huchochea oksijeni kuingia katika minyororo na kuikatakata. Vipande vinavyotokea ni vifupi na vina oksijeni, na hivyo, kinadharia, vijiumbe vinaweza kuvila. Tatizo ni kwamba hatua ya kwanza ni ya kikemia, wala vijiumbe havihusiki. Mfuko uliofukiwa jaani hukosa jua na hewa, ukakaa vivyo hivyo. Ule uliopeperushwa hadi ugani hupata vyote, ukasagika kuwa chembe zisizoonekana kwa urahisi, nazo chembe hizo ni plastiki bado. Jicho huona mfuko umetoweka, ilhali udongo haujapata chakula chochote.

Mwaka wa 2019, watafiti Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walichapisha matokeo ya kuiacha mifuko ya aina mbalimbali ardhini, baharini na hewani kwa miaka 3. Mfuko ulioelezwa kuwa unaoza uliweza bado kubeba bidhaa za dukani baada ya kukaa ardhini au baharini muda huo wote. Mwaka uo huo, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kupiga marufuku plastiki zenye viongezo vya kuchochea oksijeni, marufuku iliyoanza kutekelezwa Julai 2021. Kenya haikungoja mjadala huo: ilikwisha kuipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017.

Mizani ya kuoza, basi, ni hewa inayotoka. Kigezo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 hutaka asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka kabonidayoksaidi katika muda wa miezi 6, tena katika joto la kiwanda cha mboji, takriban nyuzi 58 za selsiasi. Biwi la taka nyuma ya nyumba halifikii joto hilo kwa muda wa kutosha.

Kwa mwanaistilahi, tofauti hii si ndogo. Kiswahili kina kuoza, kuvunda, kuchakaa, kumomonyoka na kusagika, na kila kitenzi kina mahali pake. Plastiki yenye chumvi za madini ni plastiki isagikayo. Kuiita plastiki iozayo ni kuiazima embe sifa yake bila idhini, na kosa hilo hukaa katika kamusi muda mrefu kuliko mfuko wenyewe unavyokaa jaani.