Kolwezi Jua Ikiwaka: Pahali pa Kuchill Bila Kuoga Kobalti

Oktoba Kolwezi, huku DR Congo, ni noma, maze. Mvua bado inajivuta, jua inachoma, na vumbi ya mtaa wa Kasulo inaingia hadi ndani ya sufuria ya bukari, ugali ya huku. Mtaa wenyewe unajua risto yake: 2014 msee alichimba kwake akagonga madini ya kobalti, wengine wakaona, na kabla ujue mashimo yalikuwa yamejaa kati ya keja na keja, yamefunikwa maturubai. 2017 kampuni ya Congo Dongfang ikazungushia kipande ya mtaa ukuta, familia zikalipwa zihame. Waliobaki walibaki na vumbi.

Na hiyo vumbi si ya kuchezea. 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven, Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mbele, walitoa ripoti baada ya kupima damu na mkojo wa watu wa Kasulo. Kobalti ilikuwa juu kuliko kwa watu wa mtaa wa karibu wasio na mashimo, na watoto ndio walikuwa wamebeba zaidi. Kwa hivyo msee wa Kasulo akikushow Jumapili anahepa akapumue, usimwambie anajifanya sonko. Mapafu yake yanadai likizo.

Shida ni moja: Kolwezi maji iko kila upande, lakini si kila maji ni ya kuchill. Musonoi na Luilu ni mito ya nguvu kwa ramani. Kwa macho yako pia inaweza kukaa poa, nyasi kando, mawe ya kukalia. Lakini hiyo mito inapita katikati ya viwanda na migodi, na 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti kuhusu maji ya pande hizi: watu wa vijijini wakalalamika ngozi, mashamba, samaki waliopotea, wamama wakasema magonjwa yao. Mimi nina kipimo changu cha kienyeji. Fika mtoni, tafuta mama anayefua. Kama hakuna anayefua, na kuna kijiji hapo juu, geuza nduthi. Wenyeji hawaachi maji ya bure bila sababu.

Sasa tubonge Nzilo, juu hapo ndipo kuna maji ya ukweli.

Ziwa Nzilo iko kaskazini mashariki ya mji, na si Mungu aliichimba. Wabelgiji walifunga Lualaba miaka ya mwanzo ya 1950 wakaliita bwawa Delcommune, wapate stima ya kusukuma migodi. Yaani hata raha yako ya wikendi ililetwa na shaba. Lakini ukifika, unasahau. Maji inaenda hadi macho inachoka, upepo wa mchana unapiga uso, mitumbwi ya wavuvi imepangwa kwa matope na nyavu zimeanikwa. Hakuna kelele ya kompresa, hakuna lori ya madini inakupumulia nyuma.

Ukifika usikimbilie maji. Salimia kwanza. Huku ni mayi, si maji, na mtu mzima ni papa ama mama hata kama hamjuani. Utauliza, "Mama, mayi iko namna gani leo?" Atakucheki, aone kama uko na akili, halafu akujibu, "Iko muzuri, papa. Lakini usiende kule kwenye majani mingi." Hiyo sentensi shika. Kwenye majani mingi maji imesimama, konokono wa kichocho wanapenda hapo, na mnyama mwenye meno pia anapenda kujificha. Ogea mahali wavuvi wanaogea, basi.

Msosi nao ni mwepesi: samaki ametoka kwa mtumbwi, amekaangwa hadi mapezi yamekauka kama krispi, bukari ya moto kando, pilipili ya kusagwa na chumvi. Unakula kwa mkono, unapuliza vidole. Ulizia bei kabla samaki aingie kwa mafuta, na ubebe faranga ndogondogo, juu ukitoa noti kubwa ya dola, chenji itatafutwa hadi jioni. Na hayo maji unayomrushia beshte wako, jua yana safari: Lualaba inashuka kaskazini, ikipita Kisangani inaitwa Kongo, mpaka Atlantiki.

Wasioogelea wako na msitu. Watu wanadhani kijani ya miombo inangoja mvua, lakini miti ya huku ina kichwa ngumu. Septemba na Oktoba, kabla tone moja lianguke, inatoa majani mapya, na hayo majani yanaanza nyekundu, mengine rangi ya shaba kabisa, ndio baadaye yageuke kijani. Ni luku ya ajabu. Katikati ya msitu utakutana na kilima kipara, nyasi na maua tu. Usidhani ni uwanja wa pikiniki: udongo wa hapo umejaa shaba na kobalti, miti mikubwa imekataa. Kuna ua la njano, Crotalaria cobalticola, linaota kwa vilima kama hivyo vya Katanga. Piga picha, usikae sana, maanake kilima kama hicho huwa na mwenyewe, na mwenyewe huwa na walinzi.

Doo ikiwa chini, baki mjini. Tafuta mwembe wenye kivuli nene, kiti cha plastiki na kinywaji cha munkoyo, baridi. Mbogi yangu inasema hiyo si safari. Mimi nasema jua ya saa nane haijali maoni ya mbogi.

Kama chapaa imeingia, kuna Lubumbashi, kama kilomita 300 hivi, jakaranda zikiwa zimechanua zambarau, na mbele zaidi maporomoko ya Lofoi kwenye mbuga ya Kundelungu, zaidi ya mita 340 kwenda chini. Lakini Lofoi ngojea mvua inyeshe kwanza, juu kiangazi ikikaza maji inakonda. Kwa Nzilo, patana na wa nduthi bei ya kwenda na kurudi mkiwa bado mjini, na mtoke ziwani kabla ya saa kumi na moja. Hiyo barabara giza likiingia, malori hayakuoni.