"Tunashukuru" siyo jibu

Mwaka juzi nilipata kibarua cha siku tatu hapa Chidya, kuwatafsiria wageni waliokuja kutathmini mradi wa maji. Mradi wenyewe siutaji. Jamaa wakawakalisha akina mama chini ya mwembe, mwenyekiti wa kijiji yupo pale pale, wakauliza: maji yanatosha? Wote: "Tunashukuru." Ikaandikwa, wameridhika. Nikatafsiri nilichosikia, basi, sikulipwa kuongeza neno.

Jioni mama mdogo akanicheka. "Bomba wiki ya tatu halitoi. Ulitaka nimwaibishe mwenyekiti mbele ya wageni, mwanangu?"

Fomu nayo ilikuwa kichekesho. Mkuu wa kaya: jina la mume. Huku kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa. Mjomba hakuwa na nafasi kwenye fomu. Halafu kijana wa kiume anatumwa kuwauliza mabinti habari za unyago hadharani! Mabinti wakaangalia chini, yeye akaandika "hawajui".

Kumbe kitu hiki kina jina. New Zealand, miaka ya 1990, muuguzi wa Kimaori Irihapeti Ramsden alisimamia hoja ya usalama wa kitamaduni: anayehudumiwa ndiye wa kusema kama aliheshimiwa, siyo anayehudumia. Watathmini wazawa wakaichukua hoja hiyo wakaiingiza kwenye kazi zao. Afrika nayo ina chama chake cha watathmini tangu 1999, na humo wapo wanaodai tathmini yenye mizizi ya Kiafrika.

Wala siyo mambo mageni kwetu. Bagamoyo kulikuwa na utafiti wa Jipemoyo, 1975 mpaka 1979, wanakijiji wakiwa watafiti pamoja na wasomi. Mtwara na Lindi ulikuja mradi wa RIPS wa Wafini, ulioanza 1988. Miaka ya 1990 ukawa unawapa wanakijiji nafasi ya kuchora wenyewe ramani ya kijiji chao na kupanga shida zao, ipi ianze.

Sasa mtu akisema anawasaidia watathmini wazawa, mimi namuuliza: mmewaita wakati maswali yanatungwa, au mmewaita kubeba begi na kutafsiri? Ripoti wanaisoma kabla haijaondoka? Posho je, sawa na ya mgeni?

Ile ya kwetu iliandikwa Kiingereza ikaenda zake. Mimi niliyetafsiri sijaiona mpaka leo, mama mdogo ndiyo kabisa.