Kigugumizi si dalili ya uongo

Na Mwandishi Wetu, Ughaibuni

“SERIKALI yapata kigugumizi.” “Waziri apata kigugumizi bungeni.” Msomaji wa magazeti ya Kiswahili amekutana na vichwa vya habari vya namna hii mara nyingi, na maana yake anaijua bila kuelezwa: mheshimiwa ameulizwa swali, jibu hana, au analo ila hataki kulitoa. Sisi tunaoandika makala haya tumeandika vichwa kama hivyo katika chumba cha habari huko nyumbani, na wala hatukuona ubaya wowote. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tuna kigugumizi tangu tukiwa na umri wa miaka minne.

Ilibidi tuwe wakimbizi ndipo tuuone uzito wa maneno hayo. Mwaka 2018, katika usaili wa kuomba hifadhi, afisa alituuliza tulikamatwa tarehe ngapi. Tarehe tulikuwa nayo kichwani, lakini mdomo ulifunga. Tukageuza maneno, tukajaribu kuanza na mwezi, tukarudi nyuma, tukataja siku ya juma. Mkalimani, Mswahili mwenzetu, alimwambia afisa kwamba tunababaika. Neno hilo lilipoingia kwenye faili, likawa ni kusitasita kwa mtu anayetunga hadithi. Ombi letu lilikataliwa, na namna tulivyojibu ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu.

Ndugu msomaji, katika lugha yetu anayebabaika ni mwongo, na mwenye kigugumizi naye huonekana anababaika. Hapo ndipo penye mtego.

Shikamoo isiyotoka

Kwa mtoto wa pwani, mtihani wa kwanza ni shikamoo. Mtu mzima akipita sharti umwamkie, na neno hilo halina mbadala. Ukikwama, mgeni haoni kigugumizi, anaona utovu wa adabu. Tulijifunza kupita vichochoroni ili tusikutane na wazee. Jina letu wenyewe lilikuwa gumu zaidi, maana neno jingine unaweza kulibadilisha, ila jina huna pa kulipeleka.

Dawa hazikukosekana. Wapo waliosema tulitekenywa mno utotoni. Tulinyweshwa kombe, tulishtuliwa kwa makelele, tuliambiwa tuvute pumzi. Bibi yetu peke yake ndiye aliyekuwa akisema, “Mwacheni mjukuu wangu amalize mwenyewe.”

Shuleni tulinyoosha mkono pale tu tulipokuwa hatujui jibu, ili mwalimu aone tunajitahidi lakini amchague mwingine. Lakini katika madrasa, tuliposoma kwa sauti pamoja na wenzetu, ulimi ulikuwa mwepesi kama wa mtu yeyote. Kwa miaka mingi hatukuelewa kwa nini. Tulipokuwa wakubwa tukachagua gazeti badala ya redio. Watu walidhani tunapenda kalamu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunakimbia kipaza sauti.

Wataalamu wanasemaje

Kigugumizi si ugonjwa wa akili, si woga, wala si matokeo ya malezi mabaya. Kwa kawaida huanza kati ya miaka miwili na mitano, wakati mtoto anapoanza kuunga sentensi. Takriban watoto watano katika kila 100 hukipitia, na wengi wao huacha wenyewe. Kwa watu wazima hubaki kwa takriban mtu mmoja katika kila 100, wanaume wakiwa wengi zaidi kuliko wanawake. Mara nyingi huonekana katika familia moja, na mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitangaza kugundua mabadiliko katika jeni yanayohusishwa nacho. Chanzo kiko katika namna ubongo unavyopanga na kuendesha matamshi. Ndiyo maana mtu akiimba, au akisoma pamoja na wengine, mara nyingi hakwami. Hofu haileti kigugumizi, ila hukizidisha.

Ubaya wa hofu hiyo ulionekana mwaka 1939 katika jimbo la Iowa, Marekani. Mtafiti Wendell Johnson, ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alisimamia jaribio kwa watoto 22 yatima. Baadhi yao waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa kwamba wameanza kugugumia. Watoto hao walianza kuogopa kufungua midomo yao. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 jimbo hilo likakubali kulipa fidia ya dola 925,000.

Mwaka huo huo wa 1939, tarehe 3 Septemba, Mfalme George VI wa Uingereza alilihutubia taifa kwa redio vita vilipotangazwa. Alikuwa amefanya mazoezi kwa miaka mingi na Lionel Logue, mtaalamu kutoka Australia. Hakupona, alijifunza kusema pamoja na kigugumizi chake. Joe Biden naye, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 2021 hadi 2025, ameeleza hadharani jinsi alivyochekwa shuleni.

Kusema kabla ya kuulizwa

Wakili wetu ndiye aliyetupeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Tulitarajia dawa, yeye akatupa kazi ya nyumbani iliyotushangaza: tuingie dukani na kugugumia kwa makusudi, huku tukimtazama muuzaji machoni. Siku ya kwanza tulitokwa jasho. Muuzaji alisubiri, akatupa mkate, akatuambia bei. Dunia haikuanguka.

Jambo la pili alilotufundisha ni kusema mapema. Kwenye rufaa yetu, kabla ya swali la kwanza, tulisema: “Nina kigugumizi. Nikinyamaza, natafuta sauti, sitafuti jibu.” Sentensi hiyo fupi ilituchukua karibu dakika nzima. Hakimu alisubiri. Tarehe ile ile iliyotushinda mara ya kwanza tuliitaja, na tukapewa hifadhi. Hatusemi kwamba ni sentensi hiyo peke yake iliyotuokoa, kwani ushahidi ulikuwepo. Lakini safari hii ushahidi ulisikilizwa.

Kigugumizi hakijaondoka. Simu ingali inatutisha siku nyingine. Tofauti ni kwamba sasa tunapiga, na hatubadilishi tena neno tunalolitaka ili kutafuta lililo jepesi. Mwaka jana tulikubali kuzungumza redioni kwa mara ya kwanza. Tulikwama mara nyingi, na kipindi kikaisha salama.

Kwako wewe msikilizaji, tunaomba machache. Usitumalizie sentensi, hata kama unajua tunakokwenda. Usituambie tutulie au tuvute pumzi. Tutazame, subiri, jibu tulichosema na si jinsi tulivyokisema. Mzazi mwenye mtoto anayegugumia asimchape wala asimcheke; apunguze kasi ya usemi wake mwenyewe, na kama hali inaendelea amtafute mtaalamu mapema. Mkalimani naye atafsiri maneno, asitafsiri ukimya.

Tarehe 22 Oktoba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuelimishana juu ya kigugumizi, na imekuwa hivyo tangu 1998. Ikifika tena, tuna ombi dogo kwa wenzetu wa vyumba vya habari, tukianza na sisi wenyewe. Waziri akikwepa swali, tuandike kwamba amekwepa. Kigugumizi tuwaachie wenye nacho, ambao majibu wanayo, wanachohitaji ni muda tu.