Je, Wajua? Maine, Siku Moja ya Kura na Hesabu za Aina Mbili

Je, wajua kwamba Novemba 3, 2026, wapiga kura wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, watachagua gavana, seneta mmoja na wajumbe wawili wa Baraza la Wawakilishi, lakini hawatachagua naibu gavana? Cheo hicho Maine hakipo. Mwanasheria mkuu, mweka hazina na katibu wa jimbo anayesimamia uchaguzi wenyewe huchaguliwa na Bunge la jimbo. Katika serikali nzima ya Maine, ni gavana peke yake anayeomba kura jimbo zima.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 na 2022 kura za gavana na za Kongresi zilipigwa siku moja lakini zikahesabiwa kwa njia mbili? Kwa Kongresi, mpiga kura huwapanga wagombea: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mkiani huondolewa, na kura zake huhamia kwa wale waliowekwa nafasi inayofuata. Mwaka 2018, katika wilaya ya pili, mgombea Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza kwa kura 2,171. Wagombea binafsi wawili walikuwa wamepata zaidi ya kura 23,000. Walipoondolewa na kura zao kugawanywa, mpinzani wake Jared Golden akashinda kwa kura 142,440 dhidi ya 138,931. Hakuna kiti cha Kongresi kilichowahi kuamuliwa hivyo kabla ya hapo.

Kwa gavana, mwenye kura nyingi kuliko wenzake alitosha, hata akiwa mbali na nusu. Paul LePage alichaguliwa gavana mwaka 2010 kwa asilimia 37.6 tu.

Je, wajua tofauti hiyo ilianzia wapi? Katiba ya 1820 ilimtaka gavana apate zaidi ya nusu ya kura. Akikosekana mtu wa namna hiyo, Bunge liliamua. Baada ya uchaguzi wa 1878 Bunge lilimchagua Alonzo Garcelon, aliyekuwa wa tatu kwa kura za wananchi! Mwaka uliofuata nusu haikupatikana tena. Garcelon na baraza lake wakazitupa hati za matokeo ya wapinzani kwa makosa madogo ya uandishi, na watu wenye silaha wakaanza kumiminika Augusta, makao makuu ya jimbo. Aliyezuia damu ni Joshua Chamberlain, shujaa wa mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na gavana wa zamani, aliyekuwa mkuu wa wanamgambo wa jimbo. Kwa siku kumi na mbili za Januari 1880 alilinda jengo la serikali akitegemea polisi wa mji, akakataa kumtambua mdai yeyote wa ugavana mpaka Mahakama Kuu iseme. Kwangu mimi, huo ni ushujaa mkubwa kuliko ule wa Gettysburg.

Mwaka huohuo wa 1880 katiba ikarekebishwa: gavana ni mwenye kura nyingi, basi. Ni maneno hayo, na yanayofanana nayo kuhusu wabunge, ambayo majaji wa Mahakama Kuu ya Maine waliyarejea mwaka 2017, waliposema kwamba kura ya kupanga wagombea haiwezi kutumika katika uchaguzi mkuu wa gavana wala wa wabunge wa jimbo. Kongresi haiguswi na vifungu hivyo.

Je, wajua kwamba wafungwa wa Maine ambao ni raia hupiga kura wakiwa gerezani?

Na tangu 1973, raia anaweza kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi. Bunge liliifuta haki hiyo mwaka 2011. Novemba mwaka huohuo wananchi wakairudisha kwa kura ya maoni. Portland na Lewiston zina familia nyingi zilizotoka Kongo, Rwanda na Burundi. Kama una ndugu huko aliyekwisha kuapishwa uraia, mpigie simu umwambie hajachelewa: aende kituoni na kitambulisho na uthibitisho wa makazi, kabla ya saa mbili usiku.