Tangi la Samaki Nyumbani, na Furu wa Ziwa Letu

Wanafunzi wenzangu waliokwisha kuona picha za samaki wa baharini, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, huniuliza kama yawezekana kuwafuga hapa Geita. Yawezekana, lakini kwa taabu kubwa. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi kadiri ya gramu 35, nayo si chumvi ya mezani peke yake, bali ina magnesiamu, kalsiamu na madini mengine, hata pakiti ya chumvi ya mezani haiwezi kuyatengeneza maji hayo. Tena maji yanapopungua kwa joto, chumvi haiondoki pamoja nayo. Hubaki tangini, na maji yaliyosalia huzidi ukali siku hata siku. Mwenye tangi hilo hana budi kupima mara kwa mara na kuongeza maji yasiyo na chumvi. Nasi tuko mbali sana na pwani.

Lakini kwa nini tutamani vya mbali? Ziwa Victoria li mlangoni petu, na ndani yake mna furu. Najua wengi watacheka, maana furu kwetu ni chambo cha kuvulia sangara, au kitoweo cha siku isiyo na kitoweo. Mama yangu mwenyewe aliniuliza ni akili gani kumfuga samaki kwenye kioo badala ya kumtia chunguni. Basi nilimweleza habari hii. Mwaka 1985 wataalamu wa Kiholanzi walitangaza samaki mdogo waliyempata katika Ghuba ya Mwanza, wakampa jina Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Siku hizi huitwa Pundamilia nyererei, kwa ajili ya milia yake. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humnunua kwa fedha zao na kumtunza sebuleni, na huyo ni furu! Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza tangi litawekwa wapi.

Yafaa wasomaji wajue pia kwamba samaki hawa wamepata msiba. Inakadiriwa kuwa ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, nyingi zikiwa hazipatikani penginepo popote duniani. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na alipozidi sana katika miaka ya 1980 aliwala furu bila kiasi. Wataalamu huhofu kwamba aina kama 200 zilitoweka. Baadaye sangara walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu walianza kuongezeka tena. Wale wa miambani waliokoka zaidi, kwa kuwa waliweza kujificha katika nyufa za mawe.

Sasa nieleze tangi lenyewe. Langu lina urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Maji yakifika kimo cha sentimita 35 huwa lita 98; wapendao Hesabu na wazidishe wenyewe. Hizo ni kilo 98, na ukiongeza kioo, mchanga na mawe, mzigo wote wazidi gunia la mahindi. Kwa hiyo meza ya sebuleni haifai. Baba alinijengea kimeza cha matofali, mbali na dirisha, maana jua likipiga moja kwa moja maji hugeuka kijani. Fundi vioo alikata vipande vitano vya unene wa milimita 6, tukaviunganisha kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, kwani dawa hiyo yaweza kuua na samaki. Tuliiacha ikauke wiki nzima, kisha tukalijaza tangi maji uani kwa siku mbili tuone kama litavuja.

Habari ya mchanga ni kubwa kwetu kuliko mahali pengine. Hapa Geita neno mwalo lina maana mbili: mahali wavuvi wanapotua samaki, na mahali wachimbaji wanapochenjulia dhahabu. Usichukue kamwe mchanga wa mwalo wa pili. Mchanga wa marudio una mabaki ya zebaki, na penginepo hata sianidi. Zebaki haionekani, hainuki ikiwa ndani ya mchanga, wala haiishi kwa kuoshwa. Haifai kwa samaki wala kwa mikono yako. Mimi nilichukua mchanga wa ujenzi uliotoka mbali na machimbo, nikauosha hata maji yakatoka meupe. Mawe niliyachemsha.

Maji nilichota bombani, nikayaacha wazi katika ndoo siku moja ili klorini iondoke. Sikuchota ziwani, kwa sababu ya kichocho. Wadudu wa ugonjwa huo hutoka katika konokono wadogo wa ukingoni na kuingia mwilini kupitia ngozi, na mtu asiyejua huweza kuwabeba hadi nyumbani kwa ndoo. Konokono hao nao wasitiwe tangini.

Sasa tangi limejaa, maji yanang'aa, na kila mtu nyumbani anauliza samaki wako wapi. Hapa ndipo wengi hushindwa, awe mfugaji wa maji ya bahari au wa maji yetu, maana kanuni ni ile ile. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Ziwani hapana shida, kwa kuwa maji ni mengi na bakteria ni wengi. Bakteria wa namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Wa namna ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Katika tangi jipya bakteria hao ni haba sana. Hukua polepole juu ya mchanga, mawe na sponji ya chujio, na aghalabu huchukua wiki nne hadi sita kutosha kazi.

Kwa hiyo nilitia kila siku punje chache za dagaa waliosagwa, kama ninalisha samaki wasiokuwapo. Pampu ndogo ya hewa ilivuta maji kupitia sponji usiku na mchana. Kaka zangu walisema nimerogwa. Mwalimu wa Kemia alinisaidia kupima maji, na mpaka amonia na nitriti zilipokwisha kabisa, sikutia samaki hata mmoja.

Kabla ya kuvua, mwoneni Afisa Uvuvi, ambaye wazee bado humwita Bwana Samaki, awaeleze yanayoruhusiwa. Kokoro ni marufuku, na eneo la Hifadhi ya Rubondo haliguswi. Mvuvi mmoja alinipatia furu wachanga sita wa miambani kwa ndoana ndogo. Sita watosha. Niliwapangia mawe yenye mapango mengi, kwani madume hugombea makao. Nawapa chakula kidogo mara moja kwa siku, na kila Jumamosi natoa ndoo moja ya maji na kuingiza nyingine. Umeme ukikatika, nachota maji kwa kikombe na kuyamimina toka juu ili yapate hewa.

Dume langu moja limegeuka samawati, na majike yamebaki na rangi ya majivu. Jike huchagua dume kwa rangi, na jambo hili lina maana kubwa ziwani. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba maji yakichafuka, majike hushindwa kutofautisha dume jekundu na la samawati, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Hivyo aina ya samaki huweza kupotea bila hata mmoja kuliwa.

Jike likitaga, huyaokota mayai na kuyaweka kinywani. Dume lina madoa ya manjano katika pezi la chini, mfano wa mayai. Jike likiyafuata kwa kinywa, mayai yaliyomo hutungishwa. Kwa wiki mbili hadi tatu jike hujificha pangoni, shavu limevimba, wala halili. Wakati huo usilisumbue. Mimi hulihamishia katika chombo kingine siku za mwisho, maana wengine hula vitoto. Vikitoka huwa vidogo kama punje ya mchele, na hula dagaa aliyesagwa kuwa unga laini kabisa. Ukigonga kioo siku za kwanza, mama hufunua kinywa, vikaingia vyote tena.