Je, Wajua? Rangi ya Ua Huamuliwa na Jirani Yake

Je, wajua kwamba kanuni kubwa ya kupanga rangi za maua ilitoka kiwandani, si bustanini? Huko Paris, miaka ya 1820, kiwanda cha Gobelins cha kufuma mapambo ya ukutani kililetewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi hazikolei. Mkemia aliyesimamia idara ya kutia rangi, Michel Eugène Chevreul, alizichunguza akakuta weusi wake hauna kasoro. Tatizo lilikuwa jirani: zikifumwa kando ya buluu au zambarau, nyuzi zile zile zilionekana zimefifia. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, na humo akawaelekeza pia watu wa bustani namna ya kupanga maua yao.

Unaweza kulihakikisha hilo sasa hivi. Kazia macho kitambaa cha rangi ya machungwa kwa nusu dakika, kisha tazama ukuta mweupe. Utaona kivuli cha buluu. Jicho likishiba rangi moja, lenyewe huitafuta ile iliyo kinyume chake.

Je, wajua kwamba bingwa wa kupanga rangi kwenye matuta ya maua alikuwa na macho mabovu? Gertrude Jekyll, Mwingereza aliyeishi kuanzia 1843 hadi 1932, alisomea sanaa South Kensington, London. Baadaye uoni wake ulidhoofika hata akalazimika kuacha uchoraji na utarizi, akaielekeza nguvu yake yote kwenye udongo. Nyumbani kwake Munstead Wood, Surrey, alikuwa na tuta lenye urefu wa futi 200, yaani karibu mita 60, na upana wa futi 14, mgongoni mwake ukuta wa mawe.

Tuta lile lilisomwa kwa kutembea. Mwanzoni palikuwa na majani ya kijivu, maua ya buluu, meupe, ya njano hafifu na ya waridi iliyopauka. Kisha njano ikakolea, ikawa machungwa, na katikati kabisa pakawaka wekundu. Kutoka hapo rangi zilishuka hatua kwa hatua mpaka mwisho wa pili, penye zambarau na urujuani kati ya majani ya kijivu. Hakuna rangi iliyoruka nyingine ghafla. Aliyetoka kutazama wekundu alifika kwenye kijivu na zambarau macho yakiwa tayari yana kiu ya ubaridi huo.

Mimea yenyewe hakuipanda kwa mafungu ya duara. Aliipanda kwa mikanda mirefu, myembamba, iliyolala mshazari, na sababu yake ni ya kazi tupu: mkanda mwembamba ukimaliza kuchanua hauachi pengo kubwa.

Hata hivyo pengo hubaki, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Delfinia, ua refu la buluu, humaliza maua yake kabla ya kiangazi cha Uingereza kwisha. Jekyll alipanda nyuma yake mmea wa jamii ya njegere wenye maua meupe, na delfinia ikinyauka, aliuvuta ule mmea ukaifunika mashina. Huo nao ukichoka, ikavutwa klematisi ya zambarau. Mwisho kabisa ikaja klematisi nyingine yenye vijiua vyeupe. Mahali pamoja, mimea minne kwa zamu, na kila mmoja ulipangiwa mapema ni nani atakuwa jirani yake wiki ile. Anayedhani kupanga rangi ni kununua miche mizuri na kuipanga foleni, aitazame kona hiyo moja.

Je, wajua kwamba moto wa katikati ya tuta lile ulikuwa na asili ya Afrika? Alitumia Kniphofia, mimea yenye mashina marefu na vichwa vya nyekundu na machungwa. Kusini mwa Afrika ndiko ilikojaa zaidi, lakini iko pia katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mtu wa Arusha au Nyeri anaweza kuotesha moto huo bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo.

Na Zanzibar imo. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa bustani ya Kew alilipa ua moja la misitu ya Afrika Mashariki jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo kisayansi linaitwa Impatiens walleriana. Ulaya hulipanda upya kila mwaka kwa kuwa baridi hulimaliza. Kwao lilikotoka huishi miaka.

Je, wajua kwamba saa nayo hubadilisha tuta? Mwaka 1825 Mcheki Jan Purkyně alieleza kwamba giza likiingia, nyekundu huwa ya kwanza kuonekana nyeusi, ilhali buluu hubaki iking'aa. Vita Sackville-West, aliyetengeneza bustani nyeupe ya Sissinghurst, Kent, aliifikiria hasa kwa mwanga wa jioni. Lakini Juni, mwanga wa magharibi London hudumu zaidi ya dakika 40. Kwetu karibu na ikweta ni kama dakika 20 tu, kwa hiyo maua meupe yawekwe karibu na baraza, si mwisho wa kiwanja.

Wapo pia waliokataa upole wa rangi. Mwaka 1993 Christopher Lloyd aling'oa bustani ya mawaridi huko Great Dixter, Sussex, iliyochorwa na Edwin Lutyens, mshirika mkubwa wa Jekyll. Akapanda kana, dalia na migomba, rangi kali kwa rangi kali. Watu walishtuka. Mimi naona alifaulu, kwa sababu naye alichagua kila jirani kwa makusudi.

Je, wajua kwamba michoro mingi ya bustani za Jekyll haiko Uingereza? Ilinunuliwa na Mmarekani Beatrix Farrand, msanifu wa bustani, na sasa imehifadhiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Basi kabla hujanunua mche wa rangi mpya, chuma ua moja kutoka kwenye tuta lako, nenda nalo kwa muuza miche, ulishike kando ya lile unalolitaka. Tazama yote mawili juani, kisha kivulini. Na kama bustanini kwako huwa unakaa jioni, nenda jioni.